Shabiki Kabla ya Mwandishi: Chimbuko la Hadithi ya Mapenzi katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Wahakiki wa riwaya ya Kiswahili wamezoea kuanza kumhesabu mwandishi siku kitabu chake cha kwanza kinapotoka kiwandani. Yaliyotangulia siku hiyo huachiwa waandishi wa tawasifu. Kwa riwaya ya mapenzi hali ni nzito zaidi, kwa kuwa hata kitabu chenyewe kikishatoka hutiwa katika kapu la fasihi pendwa, na kapu hilo aghalabu halifunguliwi ila kwa kulaumu. Makala haya yanakusudia kuuliza swali dogo: yule anayekuja kuandika hadithi ya mapenzi huwa nani kabla hajashika kalamu? Jibu tunalolipendekeza, kwa kuitazama pwani ya kutoka Mtwapa hadi Mambrui, ni kwamba huwa kwanza shabiki. Na kwamba ushabiki huo, kinyume cha inavyodhaniwa, ni chuo chenye masharti yake.

Hapana budi neno lenyewe lifafanuliwe. Shabiki wa taarabu si msikilizaji tu. Huijua nyimbo kwa beti zake, hujua ni nani aliyeitunga na kwa kisa gani, na ikiwa kisa hakijulikani hukikisia. Akiwa ukumbini huinuka na kumtuza mwimbaji, wala hainuki ovyo: hungoja mshororo unaomhusu, au unaomhusu jirani aliyekaa safu ya pili, ndipo aende na noti yake hewani. Kelly Askew, katika utafiti wake kuhusu muziki na siasa nchini Tanzania uliochapishwa mwaka 2002, ameonyesha vizuri kwamba kutuza ni namna ya kusema. Sisi tungeongeza kwamba ni namna ya kuhakiki vilevile. Anayetuza amekwisha kuuchagua mshororo mmoja kati ya mingi, ameupa maana isiyokuwa ya mtunzi, na ameitangaza maana hiyo mbele ya watu. Yapo madarasa ya fasihi ambayo hayafikishi mwanafunzi hapo.

Malindi na Kilifi zilipata nyimbo hizo kwa wingi kutoka Mombasa. Katika miaka ya 1950 Sauti ya Mvita ilizipeleka hewani. Baadaye zikaja kaseti, nyingi zikiwa za Mbwana Radio Service, na sauti za Juma Bhalo, Zein l'Abdin na Zuhura Swaleh zikaingia katika nyumba ambazo hazikuwa na kitabu chochote ila Msahafu au Biblia. Juma Bhalo hasa alivuta mahadhi kutoka filamu za Kihindi, hivi kwamba kijana aliyezipenda filamu hizo aliusikia wimbo mmoja mara mbili: mara moja kwa maneno asiyoyafahamu, na mara ya pili kwa Kimvita. Mtu aliyezoea kuona kisa kimoja kikivishwa maneno mapya hawezi kuamini tena kwamba kisa kina maneno ya aina moja tu. Hilo ni somo la kwanza la mtunzi.

Iwapo kuna anayedhani kuwa tunaikuza mno hali ya ushabiki, na amtazame Shaaban Robert. Wasifu wa Siti binti Saad, ulioanza kuchapishwa mwaka 1958, huhesabiwa miongoni mwa misingi ya wasifu katika Kiswahili. Lakini ni kazi ya nani? Ni kazi ya mtu aliyemhusudu mwimbaji. Siti alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, sauti yake ikaenea mwambao mzima, na mtunzi mkubwa kuliko wote wa zama zake akaona kwamba mwanamke yule anastahili kitabu. Wahakiki wameusifu wasifu huo kwa maadili yake. Mimi husikia ndani yake pia sauti ya mtu aliyekaa safu ya mbele, noti mkononi.

Hata hivyo, baina ya wimbo wa mapenzi na hadithi ya mapenzi pana pengo. Wimbo huwa na "mimi" na "wewe". "Mimi" hulia, huonya, hubembeleza, husuta; "wewe" hunyamaza. Atajibu, kama atajibu, katika wimbo mwingine wa mtunzi mwingine. Desturi ya kujibizana ni kongwe katika pwani hii, na mabishano ya Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19 yanashuhudia. Lakini katika kujibizana kila mmoja hubaki upande wake. Hadithi huanza pale mtu mmoja anapothubutu kuandika pande zote mbili. Je, nani huthubutu, na kwa nini?

Hapa naomba niiache kwa muda sauti ya mhakiki, nieleze jambo nililolifanya mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya wasichana upande wa Malindi. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikuwa umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima linalotahiniwa, nasi walimu tulijiona kama askari wa forodha: kisichokuwa katika orodha ya vitabu teule kisipite. Siku moja nililinyakua daftari chini ya deski. Lilikuwa limejalidiwa kwa gazeti, na lilikuwa limeandikwa hadithi kutoka ukurasa wa kwanza hadi karibu na wa mwisho. Nikalichukua, na usiku nikalisahihisha kwa wino mwekundu, kana kwamba ni insha. Katika ukurasa wa tatu, ambapo mhusika mwanamume alisema maneno yaliyotoka moja kwa moja katika wimbo uliokuwa ukivuma wakati ule, niliandika pambizoni: "Wizi."

Mwenye daftari alipoitwa ofisini alisimama kimya, kisha akasema, "Mwalimu, maneno ya mwanamume ni ya wimbo. Ya mwanamke ni yangu."

Sikumwelewa. Imenichukua miaka mingi kutambua kuwa alikuwa amenieleza kanuni nzima ya utunzi wake kwa sentensi mbili. Alikuwa ameuchukua wimbo, akamtafuta yule "wewe" aliyenyamazishwa humo, akampa jina, mama, kazi ya kuuza nazi, na majibu. Maneno ya wimbo yalihitajika yabaki kama yalivyo ili wasomaji wayatambue, kwani bila kuyatambua wasingejua kuwa yanajibiwa. Nilichokiita wizi kilikuwa ni kumtuza mwimbaji na kumkatiza kwa wakati mmoja.

Jambo la pili lilikuwa katika kurasa za nyuma. Huko walikuwa wameandika wasomaji, kila mmoja kwa mwandiko wake. Wengine walisifu. Wengi walidai. Mmoja alikataza kabisa mwanamume yule asirudishwe. Mwingine akamjibu kwamba asiporudi yeye hatasoma tena. Nikirudi katika hadithi yenyewe niliona karatasi iliyobandikwa kwa uji wa unga juu ya ukurasa mzima, na juu yake tukio jipya: mwanamume amerudi, mlango haukufunguliwa. Mwandishi alikuwa amewasikiliza wasomaji wake wote, akamridhisha kila mmoja nusu. Ni mhariri gani angetoa shauri bora zaidi?

Nilikutana naye tena baada ya miaka mingi, mama wa watu, naye bado anaandika, bado katika madaftari, akiwasomea majirani. Nilimwuliza alianza vipi. Hakutaja wimbo kwanza, alitaja kitabu. Siku moja walipokuwa foleni ya feri pale Kilifi, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, shangazi yake alipewa na msafiri mwenzake kitabu kisicho jalada wala kurasa za mwisho. Alikisoma mara nyingi pasipo kujua jina lake. Alipokuja kuikuta nakala kamili shuleni ndipo alipofahamu kuwa ni Kiu.

Riwaya hiyo ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1972, imehakikiwa sana kuhusu tamaa ya mali. Bahati anampenda Idi. Idi ana kiu ya fedha. Mwinyi, mzee mwenye mali, ana kiu ya Bahati. Wahakiki hugawa kiu hizo tatu kama mafungu ya hesabu. Lakini tuitazame kwa jicho la msomaji aliyelelewa na taarabu. Idi ni "mimi" wa wimbo aliyetoka ukumbini na kuingia nyumbani mwa mtu: ana maneno yote matamu, na maneno hayo ni chombo cha kazi. Riwaya inaonyesha jambo ambalo wimbo hauwezi kulionyesha, yaani ufundi wa kubembeleza ukitazamwa kutoka upande wa anayebembelezwa, siku baada ya siku. Kwa msichana asiyekuwa na kurasa za mwisho, swali lilibaki wazi: Bahati atajibu nini? Alinieleza kwamba aliandika miisho mitatu. Nakala kamili ilipomfikia, mwisho wa mwandishi haukumridhisha. "Ni mzuri," alisema, "lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumzoea Bahati wangu."

Wananadharia wa Magharibi wameligusa jambo hili kwa upande wao. Janice Radway, mwaka 1984, alichapisha utafiti wake kuhusu wanawake wa mji mmoja wa Marekani wanaosoma riwaya za mapenzi, akaonyesha kwamba kwao kule kusoma ni kujitwalia saa moja katika siku ambayo yote ni ya watu wengine. Ni hoja yenye nguvu, ila msomaji wa Radway husoma peke yake, kitabu kamili, kilichonunuliwa. Wa kwetu husoma kitabu kilichochanika, mbele ya wenzake, na huandika nyuma yake. Nadharia ikiletwa hapa bila kupimwa itakosa nusu ya kinachotendeka.

Kuhusu waandishi waliochapishwa, inatosha kukumbusha kwamba Katama Mkangi, mzaliwa wa Ribe, hakuanza na Mafuta (1984) wala Walenisi (1995). Alianza mwaka 1975 na Ukiwa, riwaya ya mapenzi. Mkangi alipokamatwa na kuwekwa kizuizini mwaka 1986, sifa yake ya mwanamapinduzi iliifunika kazi hiyo, na tangu hapo uhakiki umeitaja kama mtu anavyoutaja utoto wa mtu mashuhuri, kwa tabasamu na haraka. Nadhani tumeikosea. Msomaji aliyeshika Ukiwa katika Kilifi ya miaka ya 1970 hakuwa akingojea Walenisi. Alikuwa na kitabu cha mapenzi kilichoandikwa na mtu wa kwao, na hilo halikuwa jambo dogo katika rafu zilizojaa Mills and Boon na, kuanzia mwaka 1977, Pacesetters za Macmillan. Mlacha na Madumulla walipoiandikia riwaya ya Kiswahili kitabu kizima mwaka 1991 waliirahisishia kazi kila mhakiki aliyefuata. Sura ya wasomaji ilibaki, na bado imebaki, bila mwandishi.

Kinachoifanya sura hiyo kuwa ngumu kuandikwa ni ushahidi. Kaseti zimeharibika kwa joto na chumvi. Madaftari ya shule hayahifadhiwi na maktaba yoyote. Lile nililolinyakua niliahidi kulirudisha mwisho wa muhula. Nililitia katika kabati la ofisi ya walimu, nikahamishwa, kabati likatolewa kupisha chumba cha maabara. Nilipomwuliza mwenyewe kama anaikumbuka hadithi ile alinitajia majina ya wahusika wote, na kazi zao, na akanipa ule mwisho uliobandikwa juu ya mwingine. Wa chini yake, aliouandika kwanza, alisema ameusahau.