Takwimu Iliyofika Kaikor na Namna ya Kuitambua

Faili la data likinifikia, siifungui ripoti iliyoambatana nalo. Grafu huwa nzuri siku zote. Natafuta kwanza safu mbili ambazo hakuna karani aliyeziandika kwa mkono: saa ya kuanza mahojiano na saa ya kumaliza. Programu za dodoso huzijaza zenyewe. ODK, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, ndiyo mama yao. KoboToolbox na SurveyCTO zimejengwa juu ya msingi wake.

Saa hizo mbili husema mengi. Dodoso la maswali 140, lenye sehemu ya mifugo, chakula, uzazi na madeni, likisomwa kwa Kiturkana na kujibiwa na mama anayenyonyesha huku akifukuza mbuzi wasifikie unga, haliishi kwa dakika 11. Likiisha hivyo mara moja, huenda mama aliitwa kisimani na karani akafunga mapema. Likiisha hivyo mara 20 mfululizo, kwa karani yuleyule, basi hapakuwa na mahojiano. Tazama pia mwanya kati ya mahojiano na yale yanayofuata. Ukishatoka kituoni Kaikor, kaunti ya Turkana, maboma hayajapangana kama nyumba za mtaa wa Lodwar. Ni mwendo wa mguu, kwenye changarawe na jua. Faili linaloonyesha dakika 4 kati ya maboma mawili yaliyoachana kilomita 5 limejiumbua lenyewe.

Baada ya saa, mahali. Kaikor iko Turkana Kaskazini, mbele ya Kaaleng ukitokea Lokitaung, nyuzi 4 na ushei kaskazini ya Ikweta na 35 na ushei mashariki. Aliyegeuza safu mbili hizo ataiona Kaikor yake imeangukia Algeria, na kosa hilo ni jepesi kwa sababu linapiga kelele. Kosa baya ni lile lililonyamaza. Simu huandika pamoja na kila pointi ya GPS ukubwa wa makosa yake kwa mita, na watu wengi huifuta safu hiyo wakidhani ni takataka. Usiifute. Kaikor ni mbingu tupu, hakuna ghorofa wala msitu. Mtu aliyesimama nje ya boma na kusubiri kidogo hupata mita 5, pengine 4. Ukiona mita 1,500, huyo hakusubiri setilaiti, au hakutoka kivulini kabisa. Nimewahi kuletewa kazi ya wilaya nzima ambayo pointi zake karibu zote zilikaa ndani ya duara moja dogo, kwenye maduka. Watu walikuwa wameitwa waje waketi chini ya mti na kuulizwa hapo. Majibu yenyewe hayakuwa ya uongo. Yalikuwa majibu ya watu walioweza kufika madukani, yakapewa jina la wilaya.

Sasa umri. Hapa ndipo Turkana ilipolipia ubovu wa takwimu kwa jina lake. Sensa ya Agosti 2009 ilipotangazwa mwaka uliofuata, serikali ilifuta matokeo ya wilaya 8 za kaskazini, na 3 kati yake zilikuwa Turkana ya Kati, Turkana Kusini na Turkana Kaskazini, yaani na Kaikor ndani yake. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kifundi: ongezeko kubwa kupita kile ambacho vizazi na vifo vinaweza kueleza, na umbo la umri na jinsia lisilofanana na la watu walio hai. Mwaka 2019 makarani walikuja na vishikwambi badala ya karatasi, wakahesabu watu 926,976 kaunti nzima. Idadi ya 2009 iliyobaki kwenye majedwali, licha ya kufutwa huko, ni 855,399. Hilo ni ongezeko la asilimia 8 hivi kwa miaka 10, wakati nchi nzima ilitoka milioni 38.6 hadi 47.6. Mtu mwenye jicho hapiti hapo bila kusimama. Ama Turkana ilikaribia kusimama, ama moja ya hesabu hizo mbili ina ugonjwa, na kishikwambi peke yake hakikuwa tiba.

Kuna kipimo cha zamani cha jambo hili, kipimo cha Whipple. Kinauliza ni watu wangapi wametaja umri unaoishia na 0 au 5. Kikitoa 100, hakuna mrundikano. Kikitoa 500, kila mtu amekadiriwa. Ni mistari michache tu kwenye programu ya R. Lakini kwa Turkana nakusihi usiishie hapo. Mzee wa Kaikor hahesabu miaka, anahesabu ukame na matukio. Ukame wa Kimududu ulikuwa karibu 1970. Lopiar, ile iliyofagia kila kitu, ilikuwa karibu 1980. Karani mzuri huwa na kalenda ya matukio mfukoni, naye huuliza, "Wakati wa Lopiar ulikuwa unachunga mbuzi au ulikuwa bado unabebwa?" Kwa hiyo data iliyokusanywa vizuri huku haiwi laini. Huwa na vilima vidogo kwenye miaka ya matukio, na mabonde baada yake. Mstari ulionyooka kama wa Uswisi ndio wa kuutilia shaka, na milima kwenye 30, 35, 40 na 45 ni dalili ya karani aliyemtazama mtu usoni akakisia.

Hivi karibuni watafiti wengi wameanza kuhesabu kaya kutoka angani. Mwaka 2021 Google ilitoa ramani ya majengo ya Afrika iliyotengenezwa na maabara yake ya Accra, majengo milioni 516, kila moja na alama ya uhakika wake. Ni kazi kubwa na naitumia. Lakini njoo utazame boma moja kwa karibu. Mke mmoja hujenga akai, kibanda cha kulala cha matawi yaliyokunjwa kuwa kuba na kuezekwa, na hujenga ekol, cha kukaa mchana. Ni paa mbili kwa mama mmoja. Mwanamume mwenye wake watatu ana paa sita, na vyote hivyo pamoja na zizi ni awi moja. Mvua ikinyesha kwingine, familia huhama na mabaki hubaki yakionekana kutoka juu. Sasa, kaya ni ngapi hapo? Moja, tatu au sita? Ukisoma utafiti uliohesabu kwa setilaiti, tafuta ukurasa unaojibu swali hilo. Kama haupo, idadi yote iliyojengwa juu yake inaning'inia hewani. Swali hilohilo linaliandama dodoso la kawaida: muulize mkuu wa mradi neno "kaya" lilitafsiriwa vipi kwa Kiturkana. Akijibu papo hapo, kazi yake ina msingi. Akisema kila karani alitafsiri mwenyewe kichwani, una tafiti nyingi zilizobandikwa jina moja.

Natahadharisha pia kuhusu mashine zinazokisia umaskini. Mwaka 2016 Neal Jean, Marshall Burke na wenzao walionyesha kwamba picha za setilaiti zinaweza kukadiria hali ya maisha ya vijiji vya Nigeria, Tanzania, Uganda, Malawi na Rwanda. Mwaka mmoja kabla, Joshua Blumenstock na wenzake walifanya hivyo Rwanda kwa kumbukumbu za simu za watu milioni 1.5, baada ya kuwahoji 856 tu. Ni kazi safi. Lakini mashine ya picha hujifunza kutoka barabara, mabati na mashamba, na utajiri wa Kaikor hutembea kwa miguu minne. Na mtu anayepanda kilima ili apate mtandao, kwa simu anayoshirikiana na ndugu zake, ataandikwa na mashine kama mtu mmoja asiye na marafiki.

Kijani cha setilaiti ni habari nyingine, maana kinagusa mfuko. Mpango wa HSNP, ulioanza kwa kuwapa pesa watu wa Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, ulifika hatua ya kutumia kipimo cha hali ya mimea kuamua kaya za ziada zilipwe lini. Bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010, na ile ya serikali iliyofika Turkana mwaka 2015, nazo zilisoma kijani hicho. Mkaguzi wa kazi hii huuliza: kijani cha nini? Mti wa mathenge hubaki kijani kibichi wakati nyasi zimekwisha. Setilaiti huona jani, haioni kama ng'ombe analitaka. Mradi mzuri hulinganisha picha na mifugo yenyewe sokoni: bei ya mbuzi, mbavu zake, maziwa.

Sauti nayo. Programu ya Whisper, iliyotoka 2022, husikiliza Kiswahili na kukiandika. Kiturkana hakimo kwenye orodha yake. Ukiiwekea mahojiano ya Kiturkana haitakaa kimya. Itakuandikia maneno ya lugha nyingine, kwa ujasiri wote. Nukuu ya mzee wa Kaikor isiyo na jina la aliyeisikiliza na kuitafsiri, usiinunue.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ni rahisi zaidi, na ni vizuri kukumbuka kwa nini. Kambi imekuwapo tangu 1992, ina kanda na bloku, na wakimbizi wameandikishwa, kwa hiyo sampuli hutolewa kwenye orodha. Kaikor haina orodha ya namna hiyo. Programu ileile, karani yuleyule, na ubora unabadilika njiani.

Jambo la mwisho kwangu ndilo zito kuliko yote. Kaikor iko karibu na mpaka, kwenye nchi ya uvamizi wa mifugo. Faili lenye pointi kamili ya kila boma na idadi ya ng'ombe wake ni ramani ya wavamizi. Tafiti za DHS, zile za idadi ya watu na afya, zimekuwa zikisogeza pointi zake makusudi, hadi kilomita 2 mjini na 5 mashambani, chache za mashambani hadi 10, kabla ya kuzitoa kwa watu. Sheria ya Kenya ya kulinda data ni ya mwaka 2019, hivyo hakuna kisingizio. Kazi inayotangaza maboma peupe ni kazi mbovu, hata kama kila hesabu ndani yake ni sahihi.

Kwa hiyo wewe wa ofisi ya kaunti, wa shirika au wa chuo, ukiletewa ripoti yenye jina la Kaikor, omba faili ghafi lililofichwa majina, pamoja na tafsiri ya Kiturkana ya dodoso. Faili likija bila safu za saa, lirudishe.