Ngeli ya Mtu katika Jedwali: Uhakiki wa Aina Maalumu za Data na Makosa ya Uingizaji, kwa Mifano ya Majina ya Mangina

1.0 Utangulizi

Lengo la makala haya ni kuhakiki dhana ya aina maalumu ya data kama inavyotumika katika hifadhidata za SQL, pamoja na makosa yanayojitokeza mtumiaji anapojaribu kuingiza data katika jedwali lililojengwa juu ya aina hiyo. Kwa kawaida suala hili huachiwa mafundi wa kompyuta. Hata hivyo, anayeunda aina ya data hufanya kazi ambayo wanaisimu wanaifahamu vizuri: anagawa vitu vya ulimwengu katika makundi, analipa kila kundi umbo lake, kisha anadai upatanisho. Kwa hiyo kazi yake inaweza kuhakikiwa kama uainishaji mwingine wowote.

Mifano imetolewa Mangina, mji mdogo ulioko takriban kilomita 30 magharibi ya Beni, katika Kivu ya Kaskazini. Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa hapo, katika zoni ya afya ya Mabalako. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umehesabiwa wagonjwa 3,470, na kati yao 2,287 walifariki. Kazi ya kuwafuatilia watu waliokutana na mgonjwa kwa muda wa siku 21, na ya kuwachanja kwa kufuata duara la watu hao, ilitegemea orodha; na orodha hutegemea majina. Ikumbukwe kwamba jedwali linalochambuliwa hapa limebuniwa kwa ajili ya mjadala huu. Halidaiwi kuwa nakala ya hifadhidata yoyote iliyotumika wakati ule.

2.0 Aina, kitu na upatanisho

Hifadhidata za awali za SQL zilijua aina chache tu: namba, tarehe, mfuatano wa herufi, na nyingine za namna hiyo. Programu ya Oracle ya toleo la 8, iliyotoka mwaka 1997, ilimruhusu mtumiaji kuunda aina yake mwenyewe yenye sifa kadhaa ndani yake. Na kiwango cha SQL cha mwaka 1999 kiliipa dhana hiyo nafasi rasmi. Tangu hapo mbunifu anaweza kutangaza aina iitwayo jina_la_mtu, akaipa sifa mbili, yaani jina la ukoo na jina la kwanza, kisha akaitumia kama safu moja ya jedwali la wagonjwa lenye safu mbili: namba na jina.

Ulinganisho na ngeli za Kiswahili unajitokeza wenyewe. Nomino ikishawekwa katika ngeli, kivumishi na kitenzi hulazimika kuifuata. Vivyo hivyo, safu ikishapewa aina, thamani inayoingizwa hulazimika kuifuata. Tofauti iko kwa msikilizaji. Katika soko la Butembo mtu akisema "vitu yangu", hakuna anayesimamisha biashara kumsahihisha. Msikilizaji hukamilisha mwenyewe upatanisho uliopungua. Mashine haina hisani hiyo. Hukataa sentensi nzima kwa sababu ya kiambishi kimoja.

3.0 Namna ya kusoma ujumbe wa kosa

Mwanafunzi anayeanza huandika amri hii:

INSERT INTO wagonjwa VALUES (1, 'Kambale', 'Jean');

Oracle humjibu kwa kosa ORA-00913, yaani thamani zimezidi. Jibu hili humshangaza, kwani anaona kwamba ametaja yote yanayotakiwa: namba, jina na jina. Lakini jedwali lina safu mbili, si tatu. Majina hayo mawili ni sehemu za kitu kimoja, na lazima yafungwe pamoja na kiundaji, ambacho hubeba jina la aina yenyewe:

INSERT INTO wagonjwa VALUES (1, jina_la_mtu('Kambale', 'Jean'));

Akijaribu kuweka herufi tupu mahali pa kitu, bila kiundaji, atapata ORA-00932, yaani aina hazipatani. Akitumia kiundaji lakini akasahau sifa moja, atapata ORA-02315: idadi ya viambajengo si sahihi. Thamani ikiwa ndefu kuliko nafasi iliyotengwa katika sifa, atapata ORA-22814. Na hata baada ya kufaulu kuingiza, akitaka kuisoma sifa moja bila kulipa jedwali jina la mkato na kulitaja mbele ya safu, ataambiwa kwa ORA-00904 kwamba kitambulisho hakijulikani.

Makosa haya yote yana sifa moja njema: yanasema. Kila moja linaonyesha mahali ambapo sentensi imeachana na sarufi yake, na msomaji mtulivu hulitatua kwa kulinganisha amri na tangazo la aina, sifa kwa sifa, kwa mpangilio uleule. Mafunzo mengi huishia hapa. Huchukulia kwamba aina ni sahihi daima, na kwamba mwenye kosa ni yule anayeingiza. Dhana hiyo ndiyo inayostahili kuhakikiwa.

4.0 Jina la Mnande mbele ya jedwali

Miongoni mwa Wanande, ambao ni sehemu kubwa ya wakazi wa Beni na Butembo, mtoto hupewa jina kufuatana na nafasi yake katika kuzaliwa. Mvulana wa kwanza huweza kuitwa Paluku, Mumbere au Nzanzu. Wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa, wa saba Ndungo. Binti wa kwanza huitwa Masika. Yuko pia Muhindo, ambaye jina lake linatangaza kwamba jinsi imebadilika katika mfuatano wa watoto.

Majina haya yanabeba habari nyingi. Anayelisikia jina la Kasereka anafahamu, kabla ya kuuliza, kwamba huenda wako kaka wawili waliomtangulia. Lakini habari hiyo si ile inayotafutwa na sifa iitwayo "jina la ukoo". Sifa hiyo inachukulia kwamba ndugu wa baba mmoja wana jina moja, na kwamba wenye jina moja yaelekea ni ndugu. Kwa Wanande mambo ni kinyume katika pande zote mbili. Kambale na Kasereka wanaweza kuwa wa tumbo moja, wanaolala chumba kimoja na kula sahani moja. Jedwali litawatenga kama wageni. Kambale wa kitongoji hiki na Kambale wa kitongoji kile huenda hawajawahi kuonana. Jedwali litawakusanya kama ndugu.

Historia ya nchi imeongeza tabaka jingine. Mwaka 1972, katika siasa ya kurudia uhalisi, utawala wa Mobutu ulipiga marufuku majina ya Kikristo, na raia wakapata jina na jina la nyongeza. Baadaye majina ya ubatizo yalirudi bila kuliondoa lile la nyongeza. Ndiyo maana fishi ya Kikongo ina nafasi tatu, wakati aina iliyobuniwa kwa mazoea ya Ulaya ina mbili. Karani anayenakili kutoka fishi kwenda jedwalini hana budi kudondosha jina moja au kuyaunganisha mawili. Karani wa asubuhi akichagua njia moja na wa jioni akachagua nyingine, mtu mmoja amekuwa wawili.

5.0 Kosa lisilotangazwa

Hapa ndipo tofauti ya msingi inapodhihirika. Kambale akiandikwa katika sifa ya jina la ukoo, Oracle haitangazi kosa lolote. Idadi ya viambajengo ni sahihi, urefu unatosha, aina zinapatana. Sentensi ni sanifu kisarufi na ni ya uongo kimaana. Kosa lililokataliwa humgharimu karani dakika tano. Kosa lililokubaliwa hukaa jedwalini likingoja kutumiwa na mtu anayeliamini.

Hali huwa mbaya zaidi pale mbunifu anapojaribu kuzuia marudio kwa kuweka sharti la upekee juu ya sifa za jina. Kambale Jean wa pili atakapofika, mashine itatoa ORA-00001: sharti la upekee limevunjwa. Karani ana foleni mbele yake. Njia iliyo karibu ni kuongeza nukta, kubadili herufi, au kuandika namba mwishoni mwa jina. Uingizaji unafaulu, na tangu saa hiyo jina lililomo jedwalini si jina la mtu yeyote. Huwezi kumlaumu karani kwa uzembe: amelazimishwa kuchagua kati ya kumwacha mtu nje ya orodha na kumwingiza kwa jina lisilo lake.

Tahajia nayo ina sehemu yake. Mpaka wa Kongo na Uganda umepita katikati ya wasemaji wa lugha zilizo karibu sana. Kambale wa upande wa Kongo hulingana na Bwambale wa upande wa Uganda, Paluku na Baluku, Kasereka na Masereka, Kakule na Kule, Katembo na Thembo. Mwezi wa Juni 2019 ugonjwa ulivuka mpaka na kuthibitishwa katika wilaya ya Kasese, kwa familia iliyotoka Kongo. Mwanaisimu huona hapa ulinganifu wa viambishi na sauti unaoweza kuandikiwa kanuni. Mashine inayolinganisha herufi kwa herufi huona watu wawili wasiohusiana.

6.0 Marekebisho na mipaka yake

Inaweza kupingwa kwamba dawa ni rahisi: aina ibadilishwe. Lakini aina ikishatumiwa na jedwali, Oracle hukataa kuifuta au kuiunda upya kwa njia ya kawaida. ORA-02303 hueleza kwamba kuna vitu vinavyoitegemea. Inawezekana kuongeza sifa kwa amri ya kuibadili aina na kueneza badiliko hilo hadi kwenye majedwali. Hata hivyo, mistari ya zamani itabaki na sifa mpya iliyo tupu, na kila amri ya kuingiza iliyoandikwa kwa sifa mbili itaanza kutoa ORA-02315, kwa kuwa kiundaji sasa kinadai tatu. Maana yake ni kwamba dhana potofu ya siku ya kwanza huwa ngumu kuing'oa kadiri data inavyoongezeka juu yake. Wakati wa kuuliza maswali juu ya majina ni kabla ya kuandika tangazo la aina.

Aina inayofaa Mangina ingekuwa na sifa tofauti kwa jina la mfuatano, jina la nyongeza na jina la ubatizo, bila kulipa lolote kati ya hayo kazi ya kuonyesha ukoo. Undugu ungeandikwa mahali pake, kwa kumtaja baba, mama na kaya. Upekee ungebebwa na namba isiyotokana na jina. Tahajia mbadala zingewekwa katika jedwali la pembeni, ili Kambale na Bwambale waweze kukutanishwa bila mmoja wao kufutwa.

Inafaa pia kukiri udhaifu wa chombo chenyewe. Tangazo la aina ya kitu katika Oracle halibebi ndani yake sharti la kukataza utupu. Sharti hilo huwekwa katika jedwali. Majedwali mawili yanayotumia aina moja yanaweza kuidai kwa ukali tofauti. Kwa hiyo mbunifu anayetumaini kwamba aina maalumu itailinda maana ya jina popote iendapo anatumaini zaidi ya alichoahidiwa. Mara nyingi majedwali ya kawaida yaliyounganishwa kwa namba yangefanya kazi ileile, na yangekuwa rahisi kusahihishwa na fundi aliyeko Beni saa ambayo mtandao umekatika.

7.0 Hitimisho

Kiswahili chenyewe kinatoa kipimo cha kumalizia. Nomino kijana, kipofu na kiongozi zina umbo la ngeli ya KI-VI. Kama umbo lingekuwa ndilo hakimu wa mwisho, ingesemwa "kiongozi hiki kimefika". Wasemaji wamekataa. Wanasema "kiongozi huyu amefika", kwa sababu sarufi yao inatambua kwamba mbele ya kiumbe hai umbo hupisha. Huu si uzembe wa kisarufi. Ni kanuni iliyowekwa juu ya kanuni, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huifahamu.

Mbunifu wa hifadhidata anahitaji kanuni ya namna hiyo. Kosa la uingizaji linapotokea, swali la kwanza ni lile la fundi: amri imeachana wapi na aina? Swali la pili ndilo la mhakiki: aina yenyewe imeachana wapi na mtu? Swali la kwanza lina jibu katika kitabu cha mwongozo. La pili halina jibu humo. Jibu lake liko kwa karani wa kituo cha afya, kwa mama anayetaja majina ya watoto wake kwa mfuatano, na kwa idara za lugha ambazo mpaka sasa zimezoea kuitwa kutafsiri fishi baada ya nafasi zake kuwa zimekwisha kuchorwa. Mahali pa idara hizo ni pale penseli inapoanza kuchora.