Pete za Siku, Pete za Miaka

Mto Bubu haufiki baharini. Unateremka kutoka upande wa Kondoa na kuishia kwenye bwawa la tope la Bahi, magharibi mwa jiji la Dodoma. Kuanzia Mei hadi Novemba udongo mweusi wa mbuga hukauka na kupasuka nyufa. Mvua za Desemba zikishika, madimbwi hujaa, na wiki chache baadaye mna samaki wa urefu wa kidole, madume wamekolea rangi, majike wamefifia. Hawakuja na mvua. Walikuwamo humo humo: mayai yao, madogo kama milimita moja, yalivuka kiangazi ndani ya tope kavu, viinitete vimesimama kukua vikisubiri maji.

Ni samaki wa jenasi ya Nothobranchius. Wawili kati yao walipewa majina ya kisayansi kutokana na vielelezo vya uwanda huu wa kati, na aliyewapa ni Franz Hilgendorf wa Berlin: N. taeniopygus mwaka 1891, kisha N. neumanni mwaka 1905, kwa heshima ya Oscar Neumann aliyewakusanya katika safari yake ya 1893 hadi 1895. Jina ni jambo la siku moja. Kazi ninayoistahi zaidi ni ya yule anayemshika samaki huyo mkononi na kutaka kujua ana siku ngapi.

Samaki wa mifupa ana vijiwe ndani ya sikio, vya chokaa, vinavyomsaidia kujiweka sawa majini. Kila siku kijiwe huongezewa tabaka jembamba, na usiku na mchana huacha pete. Giorgio Pannella ndiye aliyeonyesha mwaka 1971 kwamba pete hizo ni za siku. Kwa samaki wa dimbwi, kijiwe chenyewe ni kidogo kuliko punje ya ulezi. Mtafiti hukitoa kwa koleo laini chini ya hadubini, hukigandisha kwenye kioo kwa gundi inayoyeyuka kwa moto, kisha hukisugua kwa karatasi laini mno ya msasa. Anasugua kidogo, anatazama. Anasugua tena, anatazama. Akiacha mapema, pete za katikati hazionekani. Akizidisha, amefuta siku za mwanzo za samaki huyo na hakuna wa kuzirudisha. Hapo mkono hujifunza kuliko kichwa.

Kwa njia hiyo watafiti wa Brno, Jamhuri ya Cheki, wakifanya kazi Msumbiji, walitangaza mwaka 2018 kwamba N. furzeri wa porini anaweza kukomaa na kuwa tayari kuzaa siku 14 tu baada ya kuanguliwa. Bila pete, nani angeamini?

Sasa tumwendee papa, ambaye mambo yake ni kinyume kabisa. Yupo papa mdogo wa bahari zenye baridi, Squalus acanthias, mwenye mwiba mbele ya kila pezi la mgongoni. Jike hubeba mimba karibu miaka miwili. Mifupa yake ni gegedu, na sikioni hana kijiwe kigumu cha kusomeka, ana chembechembe tu mithili ya mchanga. Kwa hiyo wasomaji wa umri wamehamia kwenye mwiba wa pezi la pili. Mwiba hukua kutokea chini, na kila mwaka huacha mkanda mweusi juu ya ngozi yake ngumu. Tatizo ni kwamba ncha husagika papa anapozeeka, na miaka ya utotoni huondoka nayo. Msomaji hana budi kupima unene wa mwiba pale usagikaji unapoishia, aulinganishe na miiba mizima ya papa wachanga, kisha aongeze miaka iliyopotea. Huo ni ufundi wa kukadiria kwa adabu.

Lakini nani kasema mkanda mmoja ni mwaka mmoja? Hapa ndipo fani hii iliponiteka. Kwenye pwani ya Pasifiki ya Kanada, Richard Beamish na Gordon McFarlane waliwachoma papa sindano ya oksitetrasaiklini, wakawatia alama na kuwaachia. Ni dawa ileile ambayo wafugaji wa Dodoma huwachoma ng'ombe na kuiita OTC. Dawa hiyo huingia kwenye mwiba unaokua na kuacha mstari unaong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno. Papa akivuliwa tena, unahesabu mikanda iliyojengeka baada ya mstari na kulinganisha na kalenda. Wengine walikamatwa baada ya takriban miaka 20. Fikiria mtu anayeanza jaribio akijua kwamba jibu lake huenda likamkuta amestaafu! Mwaka 2006 Steven Campana na wenzake waliongeza ushahidi mwingine: majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalizidisha kaboni 14 baharini, na alama yake imo kwenye miiba ya papa waliokuwa hai wakati huo. Hesabu ya mikanda ilikubaliana nayo.

Papa hao wa Pasifiki, ambao tangu 2010 wanahesabiwa kuwa spishi nyingine, Squalus suckleyi, majike wao hukomaa wakiwa na miaka kama 35. Samaki wa namna hiyo havuliwi kama dagaa. Upande wa Atlantiki, Marekani ilimvua S. acanthias kwa wingi miaka ya 1990, majike wakubwa wakitafutwa zaidi, na kufikia 1998 ilibidi itangaze kwamba papa wa huko wamevuliwa kupita kiasi. Ilitangazwa kwamba idadi yao imerejea mwaka 2010.

Sisi wa bara tunaweza kudhani hayo ni ya watu wa pwani. Siyo. Wizara ya uvuvi iko Dodoma, na Bunge lililopitisha Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 linakaa Dodoma, mwendo wa kilomita 450 hivi kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaosoma ripoti za samaki katika jiji hili: kabla ya kukubali idadi yoyote ya kuvuliwa, ulizeni umri wa samaki hao ulisomwa kwenye nini, na wasomaji wangapi ambao hawakuonyeshana majibu, na mikanda ilihakikiwa kwa njia gani. Kama hakuna jibu, irudisheni ripoti.