Kiboko ya Baridi ya Harusi Yashonwa Kondele

Jamani, wenye kadi za harusi za Kericho za Julai na Agosti, njooni mwone! Hapa Kondele, Kisumu, ambapo jua la saa saba hukutoa jasho hata ukiwa umesimama tu, mafundi wa cherehani wanashona vazi la kupigana na baridi. Ni kijoho cha kitenge, kinaishia kiunoni, na bitana yake ni shuka la Kimaasai. Nimekishika, nimekivaa, nimekigeuza ndani nje mbele ya kioo cha fundi. Kukivua ndiyo ilikuwa taabu!

Msiojua mtauliza, mtu wa Kisumu na baridi wapi na wapi? Mji wetu uko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari. Kericho, kilomita 80 hivi kwa barabara, imepita mita 2,000, na kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi. Unatoka Kondele ukijipepea, unapita Ahero, unapita Awasi, na ukifika kwenye mashamba ya chai meno yanagongana. Alasiri mvua inateremka, pengine ya mawe, keki haijakatwa. Wanaokwenda kwenye koito, shughuli ya posa ya Wakalenjin, ndio nawahurumia zaidi, maana mazungumzo ya wazee hayana saa ya kwisha.

Sasa sikilizeni uzuri wake. Kamati ya harusi huvutana wiki nzima juu ya sare: rangi gani, maua makubwa au madogo. Siku ikifika, kila shangazi anatupia juu ya gauni koti jeusi, au jaketi ya kijana wake wa sekondari. Picha zinakuja, sare haionekani! Kijoho hiki kinakatwa kwenye kitenge kile kile cha sare. Ukijifunika, ndipo sare inazidi kuonekana. Ukiinua mkono kupiga kigelegele, nyekundu ya shuka inachungulia kwapani. Mama, utapigwa picha hadi uchoke!

Na joto lipo kweli. Kitenge peke yake ni pamba nyepesi, upepo unapita. Kati yake na shuka hubaki hewa iliyonaswa, nayo ndiyo inayokutunza. Shingoni kuna kola ya kusimama na kifungo kimoja kikubwa, basi. Wanaume wameshonewa kizibao cha bitana hiyo hiyo, kinavaliwa ndani ya koti la suti. Kizuri, ingawa hakinipagawishi kama kijoho.

Kasoro? Zipo. Hakina mikono, kwa hiyo viganja vitaganda ukishika soda. Mwambie fundi atie mifuko ya ndani. Shuka jipya linaweza kutoa rangi, na nyekundu juu ya gauni la krimu ni msiba. Lifueni kwanza, na kitenge nacho kifuliwe kabla ya kukatwa, kisije kikarudi. Miguuni hakikusaidii kitu: vaa taiti nzito chini ya gauni, na viatu vya kufunika vidole, kwa sababu nyasi za hemani huwa zimelowa.

Mpinzani wake wa kweli ni mitumba ya Kibuye, hasa Jumapili, siku kubwa ya soko. Ukiwahi kamera, yaani chaguo la kwanza, unaweza kuokota koti la sufu la Ulaya, zito, lenye mshono wa heshima. Ukichelewa, kazi yako ni fagia, yaani masalio. Lakini hata koti la kamera litafunika sare, nasi tumeshatoka huko.

Bei hutegemea kitenge ulichobeba mwenyewe na ulimi wako wa kubembeleza. Mimi nakipa ushindi bila kusita. Pelekeni vipimo mapema, kamati nzima kwa pamoja, maana wiki ya harusi fundi hapokei simu.