Leza ya Macho: Hesabu ya Kutoa, Haina Kujumlisha

Novemba 27, 1981, siku moja baada ya Sikukuu ya Shukrani nchini Marekani, Rangaswamy Srinivasan alifika kwenye maabara ya IBM huko New York na masalio ya bata mzinga. Yeye na wenzake, James Wynne na Samuel Blum, wakaielekeza leza ya eksima kwenye gegedu la bata huyo. Leza ya mwanga wa kijani waliyoilinganisha nayo ilibabua; ya eksima ilichonga mfereji safi, kingo zake hazina hata weusi wa moto.

Siri ni urefu wa wimbi, nanomita 193. Mwanga huo wa urujuanimno huvunja viungo vya molekuli, na tabaka jembamba hurushwa kabla joto halijasambaa. Pigo moja huondoa kama robo ya mikroni, na mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Mwaka 1988 daktari wa macho Marguerite McDonald akaitumia leza hiyo kumfanyia upasuaji mgonjwa ambaye jicho lake lilikuwa liondolewe kwa sababu ya saratani. Lilipona vizuri.

Matangazo ya upasuaji huu hupenda kusifia dakika chache za mezani. Mimi huangalia hesabu inayofanywa kabla ya hapo. Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kwa kawaida ina unene wa mikroni kama 540. Kwa njia ya LASIK, daktari hukata kwanza mfuniko wa mikroni 110 hivi, anauacha umeshikilia upande mmoja kama mlango kwenye bawaba, anaufunua, leza inachonga chini yake, kisha anaurudisha. Mfuniko hauhesabiwi tena kuwa nguzo ya jicho. Zinabaki 430. Kwa eneo la milimita 6, kila diopta moja (kipimo cha nguvu ya miwani) ya kutoona mbali hula mikroni 12. Mwenye miwani ya -6 atapoteza 72, abaki na 358. Yuko salama, maana madaktari wengi hawakubali kushuka chini ya 250.

Sasa mchukue mwenye konea ya 480 na miwani ya -10. Toa 110, toa 120: zimebaki 250 kamili, hana akiba. Huyo akiambiwa hapana, asinung'unike. Konea ikidhoofika huanza kuchongoka, na kilichochongwa hakirudishwi. Aliyekwisha kuwa na konea iliyochongoka hata asifikishwe mezani.

Mezani kwenyewe ni matone ya ganzi, kitaa cha kukodolea macho, na harufu kama ya nywele zinazoungua. Macho makavu huja baadaye, mara nyingi kwa miezi. Na waliovuka miaka 40 wasiitupe miwani ya kusomea: hapo kilichokakamaa ni lenzi ya ndani, wala leza haikuigusa.

Ukienda kupimwa, acha kuvaa lenzi za kubandika muda wote utakaoelekezwa, kwa sababu hupotosha umbo la konea. Kisha, kabla hujauliza bei, omba uandikiwe unene wa konea zako na mikroni zitakazobaki.