Kinyozi Hajinyoi

Tarehe 11 Mei 1926, walimu wa Kiingereza wa Chuo Kikuu cha Oxford walikutana kwa chai katika Merton College. Baadaye C. S. Lewis, aliyekuwa na miaka 27, aliandika katika shajara yake habari za profesa mmoja mgeni pale, J. R. R. Tolkien. Hana ubaya, aliandika, ila anahitaji kofi moja au mawili.

Kofi lilichelewa zaidi ya miaka mitatu. Lilipokuja, lilikuja kwa adabu ambayo mimi sijaiona kwingine.

Kilichowasogeza karibu ni hadithi. Tolkien alikuwa na kikundi cha wahadhiri waliosoma visa vya kale vya Iceland katika lugha yenyewe, na Lewis akajiunga. Usiku mmoja, mwishoni mwa 1929, walikaa hadi saa nane na nusu wakizungumza habari za miungu na majitu wa Kaskazini. Haukupita muda, Tolkien akamkabidhi mwenzake kitu alichokuwa akikificha: utenzi wake juu ya Beren, binadamu wa kufa, aliyempenda Lúthien, binti wa viumbe wasiozeeka.

Nauita utenzi kwa sababu msomaji wa Kiswahili ataufahamu mwendo wake mara moja. Mistari ni mifupi, kila mmoja una mizani nane hivi, na vina vinafuatana viwili viwili. Hatimaye ulipita mistari 4,000. Kazi ya urefu huo haikosi mahali vina vilipolazimishwa, au neno lililotiwa kujaza mizani tu. Mtunzi mwenyewe hapaoni, kwa kuwa sikio lake limeshazoea. Kinyozi hajinyoi.

Lewis alikesha akiusoma, akaandika barua ya furaha, kisha akatuma kurasa 14 za uhakiki. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Alijifanya kwamba utenzi ule ni wa kale, mtunzi wake hajulikani, na kwamba umetufikia kwa nakala za mkono zinazotofautiana. Akabuni maprofesa wa kuubishania. Mmoja alimwita Pumpernickel, jina la mkate mweusi wa Kijerumani. Mstari ukilegea, maprofesa hao husema kwamba bila shaka mnakili alisinzia, na mtunzi mkubwa kama huyu asingeandika hivyo. Halafu hupendekeza jinsi mstari ulivyopaswa kusomeka.

Wanaojua tenzi zetu za kale wataucheka utani huu kwa ndani, maana nasi tunazo nakala ambazo moja ina neno hili na nyingine lile. Lakini ndani ya utani mna ufundi. Lawama anatwishwa mnakili ambaye hakuwahi kuwapo, na heshima ya mtunzi inabaki nzima. Wala Lewis hakuishia kusema kwa jumla kwamba utenzi ni mzuri au mbaya. Aligusa neno hili, kituo kile, na palipoharibika akaweka lake lipimwe.

Alikuwa akimnyoa mtu mgumu. Miaka mingi baadaye Lewis alisema kwamba Tolkien akikosolewa hufanya moja kati ya mawili: ama huanza kazi yote upya, ama hasikii kabisa.

Miaka ya 1930 ufundi huo ukawa desturi ya kundi. Jioni za Alhamisi marafiki walikusanyika katika vyumba vya Lewis, Magdalen College. Kaka yake, Warnie, alitia chai, viko vikawashwa, na mwenye karatasi akasoma kwa sauti. Sifa hazikutolewa bure. Humo kitabu cha Tolkien, The Lord of the Rings, kilichoanzwa Desemba 1937, kilisikika sura kwa sura. Tolkien alikwama mara nyingi, na Lewis akawa anamdai sura inayofuata kama mtu anayedai deni. Kitabu kilitoka 1954 na 1955. Tolkien alikiri baadaye kwamba deni lake kwa Lewis lilikuwa la kutiwa moyo, na kwamba bila yeye asingekimaliza.

Wembe huohuo ulikata pia. Lewis alipoanza hadithi zake za Narnia, Tolkien hakuzipenda, na wala hakubuni profesa wa kumsemea. Urafiki ukapoa, ingawa haukufa. 1961 Lewis alimpendekeza Tolkien kwa Tuzo ya Nobel.

Mimi narudi kwenye ule utenzi. Mwana wa Tolkien, Christopher, aliuchapisha 1985 pamoja na maoni ya wale maprofesa wa kubuni, akaeleza alichokikuta katika karatasi za baba yake. Karibu kila mstari ambao Lewis aliutilia shaka umewekewa alama ya kurekebishwa au umeandikwa upya, na mara nyingi pendekezo la Lewis limeingia, lenyewe au limebadilishwa kidogo. Mtu asiyesikia alikuwa amesikia.