Ugumu Si Uimara

Wahakiki huhakiki vitabu. Mimi leo nahakiki springi. Huenda utacheka. Lakini springi na shokapu za gari la zamani ni kazi ya mtu aliyefikiri, na kazi ya namna hiyo yastahili kusomwa kabla ya kusahihishwa. Hilo sikulijua siku nilipolisahihisha gari la marehemu mjomba wangu.

Lilikuwa Peugeot 504, la aina ile ambayo kila gurudumu la nyuma hupanda na kushuka peke yake. Wafaransa walilianzisha gari hili mwaka 1968, na mwaka 1975 Ove Andersson alishinda nalo mbio za Safari. Nilipolirithi, nami nikataka gari la mbio. Hapa kwetu Mnyambe wengi huamini, kama nilivyoamini mimi, kuwa gari la mbio ni lile lililoinuka na kukakamaa. Nikaenda gereji. Fundi akatoa springi za asili, ndefu na laini, akaweka fupi na nene, juu yake akaongeza spesa. Shokapu kuukuu akaziacha.

"Mwalimu," akaniambia, "sasa gari limesimama."

Kweli lilisimama. Wiki ileile nikampakia mama kumpeleka hospitali Newala. Kilikuwa kiangazi, mchanga umekauka, na mahali pengine barabara imejikunja kama bati. Penye kona gari likaanza kurukaruka, mkia ukahama, tukaishia ndani ya mikorosho, shubiri moja tu kutoka kwenye kisiki. Mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, gari la mjomba wako lilikuwa linatubeba. Hili lako linatupiga."

Sijawahi kusoma uhakiki mfupi na wa haki kuliko huo.

Tuuchambue basi. Kazi ya springi ni kubeba uzito na kuliacha gurudumu lifuate ardhi. Kazi ya shokapu, au shokomzoba kama wasemavyo mafundi wetu, ni kuituliza springi: mafuta yaliyomo hupenyezwa kwenye vitundu vidogo, na mtikisiko hugeuka kuwa joto. Springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi. Shokapu iliyochoka haiiwezi. Tairi likiwa hewani halishiki kitu, na usukani huwa pambo. Lakini kinyume chake nacho ni kosa. Shokapu ikizuia mno gurudumu kushuka, kwenye barabara ya bati tuta la pili hufika kabla gurudumu halijarudi chini. Gari huzama kidogo kidogo mpaka nafasi ya kuchezea inakwisha.

Watetezi wa ugumu hunitajia Safari, mbio zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hoja yao ina nusu ya ukweli. Magari yale yalikazwa, maana yalibeba vipuri na magurudumu ya akiba na kupigwa mwendo mrefu. Lakini springi na shokapu zilichaguliwa pamoja, na gurudumu liliachiwa nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Wanaoyaandaa magari ya zamani kwa mbio za Safari Classic, zilizoanza mwaka 2003, hawawezi kulikwepa somo hilo. Sisi tuliiga umbo, tukaacha maana.

Sisemi kwamba kazi ya asili haina kasoro. 504 hulala sana kwenye kona, na ukiipakia magunia ya korosho huinamia nyuma. Anayebeba mzigo kila siku ana haki ya kuchagua springi ya nyuma iliyo ngumu kidogo. Ila achague kwa mzigo wake, asichague kwa macho ya watazamaji.

Nilianza upya. Nikarudisha springi za aina ya asili, nikabadilisha bushi zilizolika, nikanunua shokapu mpya, nikapima upepo wa tairi. Kila badiliko nililijaribu peke yake, katika kipande kilekile cha barabara, na madumu yaleyale ya maji nyuma. Ukibadilisha mawili kwa pamoja, hutajua lipi limekuponya. Mpiga ngoma wa kwetu hufanya hivyo: huisogeza ngozi motoni, huipiga, husikiliza, huirudisha. Anayeiacha motoni ili ikaze zaidi huipasua.

Safari iliyofuata ya hospitali tulipita kona ileile. Nilitaka kumwuliza mama analionaje gari sasa. Nikageuka, nikamkuta amelala.

Sikumwamsha.